Msumari wa Wimbi la Kwanza

Chaki iligonga ubao, ikakwaruza kwenda chini, ikanyamaza. Kisha ikagonga tena.

Mlango wa ghala ulikuwa bado umefungwa, na waliosimama nje walikuwa wamebana pumzi. Kila Jumatatu na Alhamisi, Othman, karani wa mnunuzi wa karafuu, huiandika bei ndani kwanza, ndipo hufungua na kuutoa ubao barazani. Watu wa Wete walikuwa wameshajifunza kuisikiliza chaki. Moja ni mkwaruzo mmoja mkavu. Saba ina kona. Nane huzunguka bila kuinuka. Vuai alikuwa mbele ya wote, mikono nyuma, kidevu juu, na kabla komeo halijavutwa alishajua kuwa bei imeshuka tena.

Ubao ulipotoka, watu waliutupia jicho mara moja tu. Kisha wote wakamgeukia yeye.

Walikuwa na haki. Mwezi mmoja nyuma, kwenye baraza la Jadida, mtaa wao, mbele ya wakulima walewale, kijana huyu alisimama akatoa beti kwa sauti iliyofika mpaka msikitini:

*Mnunuzi nakwambia, karafuu hatutoi,*
*Wimbi la nne latua, la tano hulizuii,*
*Mwoga amekimbilia, kuuza hajitambui,*
*Tano ikishatimia, atalia hatulii.*

Beti ilishika. Watoto waliiimba wakienda chuoni kusoma Kurani. Na wenye karafuu, waliokuwa wakiwaza kuuza, walizifunga tena kamba za magunia yao wakasema ngoja tulione hilo la tano. Mwoga wa beti ile hakutajwa jina, lakini hakuna aliyeuliza ni nani. Wiki hiyohiyo Nyange, mjomba wake Vuai, alikuwa ameuza karafuu zake zote bila kubakiza hata ya kutia kwenye chai.

Nyange naye alikuwapo asubuhi ile, ameegemea nguzo ya duka la ng'ambo ya njia, kanzu safi, meno nje. Alimwuliza mpwa wake kwa upole wa uchokozi kama ukuta umeamka salama. Watu wakacheka. Jibu alilokuwa nalo Vuai halikufaa kumpa mjomba mbele ya watu.

Ukuta wenyewe ulikuwa ndani kwa Bi Mwanapili, bibi yake mzaa mama, aliyemlea tangu mama yake, Tatu, alipofariki. Ulikuwa ukuta wa chumba cha uani uliopakwa chokaa, na juu yake Vuai alichora kwa mkaa. Kila siku ya bei alitia nukta, akaiunganisha na ya nyuma yake, na tangu mavuno yaanze mstari ule ulikuwa umepanda na kushuka, kupanda na kushuka, mpaka ukakaribia mlango.

Aliyemfundisha alikuwa mtu aitwaye Mmanga, wa kijiji cha Msuka, baharia aliyewahi kukaa Ulaya akihudumu nyumbani kwa dalali wa hisa. Dalali yule alikuwa na chumba kizima cha mistari, kila kampuni na mstari wake, na Mmanga aliyempelekea chai alijifunza kwa kuuliza. Bei ya kitu kinachouzwa na watu wengi, alimwambia Vuai, haifuati mvua wala amri ya mnunuzi. Inafuata nyoyo, na nyoyo huenda kwa mawimbi. La kwanza hupanda. La pili hushuka. La tatu hupanda kuliko yote, kwa sababu sasa kila mtu ameamini. La nne hushuka kidogo, watu wapumue. La tano hupanda kumalizia. Baada ya hapo huja matatu ya kurudi chini, na mwenye akili huwa ameshauza.

Lakini kuna mipaka. Mkubwa kuliko yote ni kwamba wimbi la nne, likishuka, lisiingie katika eneo la wimbi la kwanza. Kwa hiyo Mmanga alimwambia atie msumari ukutani palepale kilele cha kwanza kilipofika, avute uzi mpaka mwisho wa ukuta. "La nne likiugusa uzi, shaka," alisema. "Likiuvuka, hesabu yako ni ya uongo. Usibishane na ukuta. Futa." Kisha Mmanga akarudi baharini, akamwachia kijana mkaa na uzi.

Matano na matatu ni manane. Mtu mwingine angeona hesabu tu. Vuai alijifunza kutunga bila mwalimu, akihesabu mizani kwa vidole juu ya mkarafuu huku kikapu kinaning'inia, na alipoambiwa manane aliona kipande cha mstari wa shairi: mizani nane, kisha kituo. Aliamini kuwa kitu chenye mizani hakiwezi kumsaliti mtu mwenye sikio.

Sikio lake hilo ndilo lililoshikilia safari ya bibi.

Bi Mwanapili alitaka kuhiji. Alikuwa ameshika nia hiyo tangu mumewe yu hai, na mwaka huu mikarafuu yake ilizaa mpaka matawi yakavunjika. Wakala wa meli ya mahujaji alitaka nauli kabla mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, haujaisha. Mwanamke hasafiri safari ile peke yake. Lazima awe na maharimu wake, mwanamume wa damu asiyeweza kumwoa. Maharimu wa kwanza alikuwapo, tena mwenye nauli yake tayari: Nyange, mwanawe wa kumzaa, alikuwa ameshaandikisha jina. Ila huo ulikuwa mwaka wa chaguzi mbili. Uchaguzi wa kwanza ulikuwa umepita, wa pili unakuja, na Pemba nzima ilikuwa imepasuka katikati. Watu waliacha kuzikana. Bi Mwanapili na mwanawe walipigia kura vyama viwili, wakatupiana maneno mlangoni, na tangu siku ile hakuna aliyempa mwenzake salamu.

Basi angesafiri na mjukuu. Nauli mbili, kutoka kwenye karafuu zilezile. Kwa bei ya siku zile zilitosha nauli moja na ziada. Kwa bei ya wimbi la tano zingetosha mbili. Na bei ikianguka kweli, hata hiyo moja ingekuwa ndoto, na bibi hakuwa na miaka ya kuota tena.

Jumatatu ile Vuai aliingia chumba cha uani bila kuvua kofia. Alitia nukta. Ilikaa palepale kwenye uzi.

Alirudi nyuma, akatazama. Akakaribia tena, akatazama kwa jicho moja. Nukta haikuhama. Nje mvua ya kwanza ya masika ilianza kupiga makuti, na harufu ya karafuu kutoka kwenye magunia ilibadilika, ikawa nzito, yenye ubichi. Karafuu ikipata unyevu huota ukungu, ikageuka mpeta, na mpeta haununuliwi na mtu.

Akaufuata mstari kwa kidole kurudi kwenye kona. Kisha akaanza kufikiri kama mshairi aliyebakiwa na neno lenye mizani moja ya ziada. Mshairi halitupi neno, hulibana. Je, kama kilele alichokiita cha kwanza hakikuwa cha kwanza? Nyuma yake, karibu na kona, palikuwa na kinundu kidogo, siku mbili tatu tu za kupanda. Hicho kikiitwa cha kwanza, uzi ungeshuka kiganja kizima na nukta ya leo ingekuwa salama juu yake. Yote yangetimia. Nane ingebaki nane.

Aling'oa msumari. Akaugongomea chini.

"Mume wangu," alisema Bi Mwanapili kutoka mlangoni. Hivyo ndivyo alivyomwita mjukuu wake tangu akinyonya, na hivyo ndivyo mabibi wote wa kule wanavyowaita wajukuu zao. Alikuwa ameshika kawa ya kufunikia chakula mkononi, maji ya mvua yanamchuruzika begani. "Uzi jana ulikuwa usawa wa macho yangu. Leo u kidevuni. Umeshushwa na nani?"

Vuai alimweleza. Alieleza vizuri, kwa maneno mengi, kuhusu kilele cha kweli na kilele cha uongo. Bi Mwanapili alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasogea ukutani, akaweka kidole kwenye tundu lililoachwa na msumari, chokaa ikamdondokea kiganjani.

"Mimi ukuta siujui," alisema. "Nakujua weye. Ukinambia nisubiri, nasubiri. Ila unambie weye, asinambie msumari."

Akaenda zake jikoni. Vuai alibaki na nyundo mkononi, amekasirika kama mtu aliyekamatwa. Angetukanwa angejibu, alikuwa bingwa wa kujibu. Kuaminiwa kulimshinda. Hakuurudisha msumari juu. Hakumwambia bibi auze wala asubiri. Siku mbili zilizofuata aliyageuza magunia, akayafungua vinywa, akayafunga, na wakati wote alikiepuka kile chumba.

Alhamisi alitangulia kufika ghalani kabla ya wote. Wingu lilikuwa chini. Watu walijaa kuliko siku nyingine, wa Jadida karibu wote, na Nyange kwenye nguzo yake. Mjaka, mwenye shamba kubwa kuliko wote pale, alimwambia Vuai kwa sauti ya kusikika kuwa mkewe amesema amlete mshairi nyumbani awalishe watoto mashairi badala ya uji. Watu walicheka, lakini cheko lilikuwa fupi.

Chaki ikagonga.

Vuai alifumba macho. Mkwaruzo, kona. Kituo. Kisha mzunguko mmoja mdogo, uliofungwa. Alijua. Hakuhitaji ukuta. Kwa msumari wa juu, uzi ulikuwa umevukwa. Kwa msumari wa chini aliougongomea mwenyewe, ulikuwa umevukwa pia.

Othman akafungua. Aliutegemeza ubao ukutani akafuta mikono kwenye kanzu. Tarakimu zilikuwa zilezile alizozisikia. Kisha akasema neno ambalo hakulizoea: mnunuzi atapokea karafuu zote kwa bei hii mpaka adhana ya alasiri. Baada ya hapo ghala litafungwa, na bei ya Jumatatu itakuwa ya Jumatatu.

Hakuna aliyeondoka kwenda kuchukua mzigo wake. Wote walimsubiri Vuai.

Jaribu, aliyekuwa mshairi pia na hakuwahi kumsamehe Vuai kwa kushangiliwa kuliko yeye, ndiye aliyetangulia. "Bwana Mawimbi," alisema, "wimbi la tano lipo njiani au limeshukia Tanga?"

Vuai alitazama nyuso zile. Angeweza kusema chochote, nao wangekishika. Angeweza kuwaambia Jumatatu, wangerudi nyumbani wakafunge kamba. Angeweza pia kunyamaza, akapita njia ya nyuma, akayaleta magunia ya bibi yake peke yake. Fikra hiyo ilimpitia, na akaona haya hata kwa kufikiri. Ni yeye aliyesimama barazani.

Na kwao, beti iliyotupwa barazani hairudishwi kwa maneno ya kawaida. Aliyeitoa huirudisha kwa beti, kwa vina vilevile, mbele ya watu walewale, akiwa amesimama. Asipofanya hivyo beti yake inabaki kuwa kweli, hata dunia ikipinduka. Ndiyo maana washairi wenye busara hawatoi beti za bei.

Alivua kofia. Hakuwa ametunga lolote. Alianza kuhesabu kwa vidole ubavuni mwa kanzu, kama alivyokuwa akifanya juu ya mkarafuu, na jasho likamtoka ingawa upepo ulikuwa wa mvua. Jaribu alianza kutabasamu. Vuai akafungua kinywa, na sauti ikatoka kavu:

*Wa Jadida narejea, beti yangu haifai,*
*La nne limepotea, njia yake halijui,*
*Mwoga nilomtania, kwake leo sikatai,*
*Uzeni leo sawia, kesho hawazinunui.*

Tabasamu la Jaribu lilikufa, maana mizani ilikuwa kamili. Kisha maneno yakamwagika yote pamoja. Mmoja alimwita mzandiki. Mwingine alisema kijana kanunuliwa na mnunuzi, la sivyo iweje ageuke siku hiihii. Mjaka alisema yeye si kitoto cha kuku cha kuitwa huku na kufukuzwa kule. Karafuu zake zingekaa ndani mpaka ziote meno. Akaondoka, na wachache wakamfuata. Lakini wengine walikuwa wameshaanza kukimbia, kanzu zimekunjwa mkononi, kila mmoja na njia ya kwake.

Vuai hakumtazama mjomba wake. Alivaa kofia akaenda mbio Jadida.

Bi Mwanapili alikuwa amekaa kizingitini. Alimwona anavyokuja akasimama kabla hajaambiwa neno.

"Uza, bibi," alisema Vuai. "Nakwambia miye."

Hakumwuliza kwa nini. Alifunga kibwebwe.

Gari la ng'ombe lilikodiwa, magunia yakatolewa, na mvua ikaanza kunyesha walipofika nusu ya njia. Waliyafunika kwa majamvi, Vuai akalala juu yake kama mtu anayezuia paa lisipeperuke. Bibi alitembea nyuma ya gari, kanga yake imemganda mwilini, akimhimiza mwenye ng'ombe kwa maneno ambayo si ya mtu anayekwenda Maka. Mbele ya ghala palikuwa na msururu. Jua halikuonekana, kwa hiyo hakuna aliyejua alasiri imebakisha kiasi gani, na kila mtu alikuwa akitazama mnara wa msikiti. Othman alikuwa akitia mkono ndani ya kila gunia, ananusa, anapima. Walibaki wawili mbele yao, kisha mmoja. Mtu huyo wa mbele akaanza kubishana kuhusu vijiti vya makonyo vilivyochanganyika na karafuu zake. Vuai alimwambia maneno makali. Bi Mwanapili akamfinya.

Gunia lao la mwisho lilikuwa kwenye mzani adhana ilipotoka. Othman aliinua kichwa, akasikiliza, akainama tena akamalizia kupima.

Karafuu zilikuwa kavu. Nauli moja ilipatikana, na kidogo cha njiani.

Nauli moja. Bi Mwanapili alizifunga fedha kwenye ncha ya kanga, akakaza fundo kwa meno. Alikuwa akitazama mvua kama mtu anayetazama njia iliyofungwa, na Vuai, aliyesimama mbele ya watu wa Wete akala matapishi yake, alitambua kuwa bado hajafika mwisho. Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi kuliko beti.

Nyange alikuwa bado kwenye nguzo. Hakuwa na la kuuza siku ile, lakini hakuwa ameondoka.

Vuai alivuka njia, akasimama mbele yake, maji yakimtiririka usoni. "Shikamoo, mjomba."

Nyange aliitikia. Alisema amesikia beti, na kwamba ile ya kwanza ilikuwa na matusi mazuri zaidi. Vuai aliyameza hayo pia. Kisha akasema alilolijia: bibi ana nauli ya mtu mmoja, na maharimu wake amesimama hapa.

Nyange aliacha kutabasamu. Alisema kwamba mama yake hakuwa ameitikia salamu yake tangu uchaguzi.

"Ulimpa?" aliuliza Vuai.

Mjomba akageuka. Alitazama upande wa pili wa njia. Bi Mwanapili alikuwa chini ya ukingo wa paa la ghala, mdogo, amelowa, mkono mmoja umeshika fundo la kanga. Alikuwa amewaona. Hakusogea, wala hakugeuza uso.

Nyange akavua viatu, akavishika mkononi, akavuka matope. Alipofika mbele ya mama yake aliinama akatoa shikamoo, sauti ya chini, kama mtoto aliyechelewa kurudi kutoka chuoni. Mvua ilipiga paa. Waliobaki kwenye msururu waligeuka, hata Othman aliacha kuvuta mlango.

"Marahaba," alisema Bi Mwanapili. Kisha: "Nimesikia unakwenda Maka. Mimi nakwenda pia. Sitaki kusikia chama ndani ya meli. Sitaki kusikia chama Arafa. Ukiweza hilo, sema hapa, huyu mume wangu awe shahidi, maana yeye akisema kitu mbele za watu kisiwe kweli, hukirudisha mbele za watu."

Nyange alimtazama mpwa wake, akaitikia kwa kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu uchaguzi akaushika mkono wa mama yake.

"Mama," alisema, kwa sauti ya kusikiwa na wote, "nitakushika mkono hivi tangu gati ya Wete mpaka Al-Kaaba, nikurudishe kizingitini kwako, na jina la chama halitatoka kinywani mwangu, si changu wala chako."